Maisha mazuri kwa mtu mwenye usonji: mwongozo wa nyumbani kwa familia za Arusha na Moshi

Familia nyingi zikishatajiwa neno usonji hospitalini hurudi nyumbani na swali moja: atapona lini? Usonji (kwa Kiingereza autism) si ugonjwa wa kupona. Ni namna ubongo ulivyojengeka tangu tumboni, na mtu huzeeka nao. Swali lenye faida ni hili: Jumanne ya kawaida, isiyo na mgeni wala sikukuu, mtu huyu anaishije? Alilala? Alikula nini? Ni saa ngapi alikuwa ametulia na ni saa ngapi alikuwa ameziba masikio? Shirika la Afya Duniani linapoeleza ubora wa maisha huanzia kwa mwenyewe, yaani jinsi yeye anavyoyaona maisha yake kulingana na anayoyatarajia na anayoyajali. Jinsi shangazi anavyoyaona haimo kwenye maelezo hayo.

Mwongozo huu ni wa mtoto mkubwa, kijana na mtu mzima, awe asiyesema hata neno au anayesema vizuri kuliko mwalimu wake. Ufuate kwa mpangilio: mwili kwanza, kisha nyumba, mawasiliano, na mwisho mambo ya nje. Wengi huanzia mwisho. Wanahangaika na shule au kazi ya mtu ambaye hajapata choo kwa siku tano, kisha wanasema hafundishiki.

HATUA YA 1: DAFTARI LA SIKU 14

Chukua daftari la mistari, kila ukurasa uchore safu nne: saa, kilichotokea, kilichokuwepo nusu saa kabla, na kilichofuata. Chini ya ukurasa acha mistari mitatu ya usingizi, choo na chakula. Andika kinachoonekana kwa macho. "Saa 10 jioni: alijipiga kichwa mara sita. Kabla: mvua imeanza, redio iko juu, wageni wawili wameingia." Hiyo inasaidia. "Alikuwa mkorofi" haimsaidii mtu yeyote, hata daktari.

Tumia kalamu ya rangi nyingine kuandika nyakati nzuri, kila mara alipotulia au kufurahi kwa zaidi ya dakika kumi bila kuambiwa. Alikuwa wapi? Anashika nini? Na nani? Sehemu hii ndiyo familia husahau kuliko zote, na ndiyo yenye thamani zaidi, kwa sababu hapo ndipo utakapopata kazi, michezo na zawadi za mtu huyu baadaye.

Siku ya 15 kaeni mezani mtafute kinachojirudia. Mara nyingi utaona fujo zimelundikana sehemu mbili au tatu tu: kabla ya chakula cha mchana, siku ya gulio, au kila anapofika mjomba fulani mwenye sauti kubwa. Daftari huharibika likijazwa usiku kwa kukumbukakumbuka, au watu watatu wakiandika bila kukubaliana maana ya "fujo". Kama anajua kuandika, mpe daftari lake na maswali matatu ya kila jioni: nini kimenichosha, nini kimenipendeza, kesho nisingependa nini. Kwa mtu mzima anayejieleza, majibu yake hayo yanashinda daftari la mama.

HATUA YA 2: MWILI

Kila tabia ngumu iliyoanza ghafla ihesabiwe kuwa ni maumivu mpaka ithibitike vinginevyo. Watu wengi wenye usonji hawaonyeshi maumivu kama wengine. Mmoja hucheka, mwingine huzungukazunguka, mwingine hung'ata mkono. Kagua kwa utaratibu huu.

Meno na masikio. Maji ya sehemu nyingi za kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na meno ya kahawia kwetu ni jambo la kawaida. Tatizo ni kwamba jicho lililozoea kahawia hupita juu ya jino lililooza bila kushtuka. Tumia tochi ya simu, mwangalie magego ya nyuma, nusa pumzi yake. Anayekataa kutafuna upande mmoja, au aliyeacha ghafla mahindi ya kuchoma na sasa anataka mtori tu, apelekwe kwa daktari wa meno. Anayevuta sikio au kuliegemeza kwenye mto aangaliwe sikio.

Choo. Kupata choo kigumu ni jambo la kawaida sana kwa watu wenye usonji, na mara nyingi hujificha. Uchafu mwepesi unaovuja kwenye nguo huweza kuwa ni wa kupita pembeni ya kinyesi kilichoganda, na familia ikampa dawa ya kuzuia kuharisha, hali ikazidi. Kupata choo chini ya mara tatu kwa wiki ni dalili. Fanya hivi: maji glasi sita hadi nane kwa mtu mzima kwa siku, matunda na maharage kadiri atakavyokubali, na aende chooni dakika 15 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, wakati tumbo lenyewe linasukuma. Akae dakika tano, zisizidi kumi. Kwenye choo cha kukaa weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Kwenye choo cha shimo, hofu mara nyingi ni lile tundu na giza: weka taa, tandika mkeka mdogo wa plastiki wa kukanyaga, na kwa wiki ya kwanza aende tu na kurudi bila kulazimishwa. Damu, tumbo gumu au kutapika, nenda hospitali.

Usingizi. Saa ya kuamka ni muhimu kuliko saa ya kulala. Chagua moja, tuseme saa 12 na nusu asubuhi, isibadilike hata Jumapili, na mtoe nje kwenye mwanga ndani ya nusu saa. Simu na televisheni zizimwe saa moja kabla ya kulala. Blanketi zito lililojazwa vitu linasifiwa sana mitandaoni. Jaribio moja la Uingereza lililochapishwa mwaka 2014 halikuona watoto wakilala muda mrefu zaidi, ingawa wao na wazazi walilipenda. Kama anapenda uzito, blanketi mbili za kawaida zinatosha. Asifunikwe zito asiyeweza kulitoa mwenyewe.

Kifafa. Huonekana zaidi kwa wenye usonji kuliko kwa watu wengine, na huweza kuanza utotoni au wakati wa kubalehe. Si lazima aanguke. Kukodoa macho sekunde kadhaa bila kusikia, au mkono kutingishika peke yake, vyote virekodi kwa video ya simu na umwonyeshe daktari. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa. Zikipita dakika tano, hospitali.

Dawa. Hakuna dawa inayotibu usonji. Zipo za kupunguza hasira kali, wasiwasi au kifafa, na baadhi zinanenepesha na kusinziza, kwa hiyo apimwe uzito kabla na kila mwezi, na daktari aulizwe mapema zitaachwa lini. Ya kunywesha kemikali za kufulia, ya "kusafisha sumu", na ya kumfungia kwenye maombi bila chakula ni hatari, basi. Chanjo hazileti usonji. Jambo hilo limechunguzwa kwa mamilioni ya watoto.

Siku ya hospitali yenyewe ipangwe. Nenda siku moja kabla umwonyeshe geti, benchi na mlango, au mpige picha hizo na uzipitie naye jioni. Fika wa kwanza asubuhi. Mwombe muuguzi mkasubiri nje chini ya mti, muitwe kwa simu. Mpe mhudumu karatasi ya mistari mitano: jina, anavyowasiliana, kinachomwogopesha, kinachomtuliza, na sentensi hii: "Mwambie kabla ya kumgusa." Kwa Moshi, hospitali ya KCMC kuna watoa tiba kwa vitendo, na chuo chao cha kufundisha fani hiyo kiko palepale. Hao ndio wa kuuliza kuhusu kula, kuvaa, kuandika na hisia za mwili. Arusha, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, uombe rufaa.

HATUA YA 3: NYUMBA

Anza na bati. Kuanzia Machi hadi Mei mvua ya masika ikipiga bati lisilo na dari, mtu mwenye masikio makali yuko ndani ya ngoma. Hamishia kitanda chake kwenye chumba chenye dari, au angalau kwenye kona ya ndani mbali na ukuta wa mvua. Kama hamna dari kabisa, funga dari ya chumba kimoja tu, cha kwake, kwa plywood au jipsamu, na uache nafasi ya hewa. Maboksi ya mayai na magodoro ya kubandika ukutani hayazuii kelele ya bati, na godoro linashika moto haraka. Usihangaike nayo.

Mtafutie vikinga masikio vya plastiki vile wanavyovaa mafundi wa grinda; maduka ya vifaa vya ujenzi wanavyo. Avivae kwenye kelele avue ikipita. Anayeshinda navyo kutwa masikio yake huzidi kuwa mepesi, na siku vikipotea nyumba nzima hailali.

Taa ya tyubu inayopepesa iondoke leo. Weka balbu ya rangi ya joto, na chumbani kwake mwanga uwe wa chini. Nguo nazo: kata lebo za shingoni kwa wembe mpaka kwenye mshono, soksi zivaliwe ndani nje ili mshono usiguse vidole. Mitumba hapa ina faida kuliko nguo mpya, kwa sababu pamba iliyofuliwa mara nyingi imeshalainika. Ukienda soko la mitumba la Memorial pale Moshi, mwache aguse kitambaa mwenyewe kabla hujaangalia rangi. Akipenda fulana moja, nunua tatu zinazofanana. Juni na Julai mguse mikono na miguu, maana wapo wasiohisi baridi mpaka wanatetemeka, na wengine wanaihisi ila sweta la sufu linawawasha kuliko baridi yenyewe. Fulana mbili za pamba chini yake hutatua.

Kisha kona. Mita moja na nusu kwa mbili inatosha: mkeka, pazia, mto, vitu vyake vitatu au vinne. Sheria ni mbili. Akiwa humo hakuna anayemsemesha, na kona haitumiki kamwe kama adhabu. Ukimfungia humo mara moja kwa hasira, umeiua.

Chakula kifuate utaratibu wa kutolazimisha. Anayekula vitu vitano, mpe vitano vyake, na kimoja kigeni kikae kwanza mezani tu, baadaye pembeni ya sahani, anuse, aguse kwa ulimi, ang'ate. Hatua moja inaweza kuchukua wiki, na kitu kinahitaji kuonwa mara 10 hadi 15 kabla hakijawa cha kawaida. Anayependa ndizi laini husogea kirahisi: mtori mtupu, mtori wenye nyama iliyosagwa, mtori wenye vipande vidogo. Usifiche dawa kwenye chakula anachokipenda. Akiigundua utakuwa umepoteza dawa na chakula kwa mpigo.

HATUA YA 4: KUWASILIANA

Kadi za picha haziwazuii watu kusema. Wazazi wengi wanaogopa hilo, na tafiti hazijaonyesha hivyo. Wala hakuna haja ya kuacha Kichagga au Kimeru nyumbani eti abaki na Kiswahili na Kiingereza. Bibi akizuiwa lugha yake, mtoto ndiye anayepoteza bibi.

Utahitaji: picha za vitu halisi vya nyumbani ulizopiga kwa simu (kikombe chake chenyewe, choo chenu, si michoro ya mtandaoni), zichapwe sentimita 7 kwa 7 steshenari, ziwekewe laminesheni, nyuma zibandikwe ule utepe wa kunata wa viatu vya watoto, na ubao au jalada gumu la faili. Anza na kadi tatu, zote za vitu anavyovitaka sana. Watu wawili wanahitajika mwanzoni. Mmoja mbele anashika kipande cha ndizi, wa pili nyuma anauongoza mkono wake kuchukua kadi na kumkabidhi wa mbele. Akikabidhi, ndizi papo hapo, na neno moja: "Ndizi." Vipindi vya dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Wa nyuma hasemi chochote, na msaada wake upungue kidogo kila siku, kutoka kiganja hadi kiwiko hadi begani.

Kadi inayofuata iwe "basi", yaani imetosha, sitaki tena. Kisha "maumivu", "pumzika", "choo", "subiri". Mtu aliyefundishwa kuomba tu bila kufundishwa kukataa ataendelea kukataa kwa meno. Ukimuuliza kitu, hesabu kimyakimya hadi kumi kabla ya kurudia, na ukirudia tumia maneno yaleyale. Kubadilisha maneno ni kumpa swali jipya, aanze upya.

Kinachoharibu: kadi kuwekwa juu ya kabati ili "zisichafuke". Huko ni sawa na kumfunga mtu mdomo. Zikae zinapofikiwa, na seti ya pili ikae shuleni au kwenye mkoba.

Kwa wanaozungumza vizuri, hasa wasichana na wanawake waliogundulika wakubwa, shida ni nyingine. Wanaigiza ukawaida kutwa nzima, wakirudi nyumbani wamekwisha. Wape saa moja ya ukimya baada ya shule au kazi kabla ya maswali ya "siku ilikuwaje". Huzuni nzito na mawazo ya kujidhuru ni mengi zaidi kwa kundi hili. Ukisikia hata fununu, muulize waziwazi na umpeleke hospitali.

HATUA YA 5: KUTOKA NJE, NA AKIZIDIWA

Safari ya daladala ifundishwe vipande vipande. Wiki ya kwanza mnaenda kituoni, mnaangalia magari, mnarudi. Wiki ya pili mnapanda vituo viwili, saa 4 asubuhi wakati gari ni tupu. Kaa dirishani au mbele kwa dereva, nauli kamili iwe mkononi, na kama uwezo upo lipia siti mbili, maana konda wa Ngaramtoni hajui neno "pamejaa". Tengeneza ukanda wa kadi nne: kituo, gari, duka, nyumbani. Kila kimoja kikiisha anageuza kadi yake. Gari likiharibika njiani hapo ndipo utajua kama ulitengeneza kadi ya tano, "mabadiliko", na ukaizoeza nyumbani kwa vitu vidogo visivyouma.

Soko nenda asubuhi mapema, na Tengeru usiende Jumatano wala Jumamosi, siku za gulio, mpaka awe amezoea siku nyingine.

Kuzidiwa na kelele, mwanga au watu si deko. Anayedeka huangalia kama unamwona na huacha akipata anachotaka. Aliyezidiwa haachi hata ukimpa. Punguza maneno mpaka karibu sifuri, ondoa watu, ondoa mwanga na kelele, simama pembeni yake si mbele, linda kichwa chake kwa mto. Usimshike ila kuna gari, moto au maji. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na baada yake mwili umechoka kama wa aliyekimbia. Maji, kimya, usingizi. Mafunzo na maonyo yasubiri kesho. Wengine hawalipuki, wananyamaza na kuganda. Ni jambo lilelile, lifanyie vilevile.

HATUA YA 6: MAJI, NJIA NA MWILI WAKE

Wengi hutoroka, na baadhi ya wanaotoroka huelekea kwenye maji. Kuzama ni moja ya sababu kubwa za vifo vya watoto wenye usonji wanaopotea. Uchaggani vitongoji vingi vina mfongo, yaani mfereji wa maji, Arusha mjini kuna mito ya Themi na Naura, na kila nyumba ina pipa au karo. Kwa hiyo akipotea, watu wawili waende majini kwanza, wengine ndiyo wasambae barabarani. Funika mapipa na visima kwa mfuniko wenye komeo, weka kitasa juu ya usawa wa kichwa chake na kengele mlangoni. Mshonee namba yako ya simu ndani ya nguo. Majirani watano na bodaboda wa kijiweni wapewe picha yake na maelezo mafupi kabla ya siku ya tukio. Mfundishe kuogelea kama mnaweza kupata bwawa salama.

Kuhusu kubalehe, anza mwaka mmoja au miwili kabla. Majina halisi ya viungo, nani anaruhusiwa kumwona uchi na kwa sababu gani, mlango gani unafungwa. Msichana azoeshwe kuvaa pedi saa moja, kisha nusu siku, kabla hedhi haijaja, na aonyeshwe pedi yenye rangi nyekundu ya chakula ili damu isimtishe. Kujigusa faraghani si kosa la kuchapiwa. Kinachofundishwa ni mahali. Wenye ulemavu hudhulumiwa kingono zaidi ya wengine, na mara nyingi na mtu anayejulikana nyumbani. Tabia ikibadilika ghafla kwa mtu mmoja tu, iamini. Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi, na simu ya watoto ni 116, bure.

HATUA YA 7: KAZI

Rudi kwenye kalamu ya rangi ya pili. Anayepanga vizibo kwa rangi anaweza kuchambua maharage au kahawa. Anayependa maji ataosha madumu vizuri kuliko mtu yeyote. Chukua mfano wa kuokota mayai kwenye banda dogo la kuku wa mayai:

1. Vaa gambuti.
2. Chukua trei tupu kwenye msumari.
3. Ingia, funga mlango nyuma yako.
4. Anza kiota namba 1.
5. Yai moja moja, ncha nyembamba chini.
6. Yai lenye uchafu au ufa, kwenye ndoo ndogo.
7. Kiota namba 6 kikiisha, toka, funga.
8. Weka trei mezani, chora alama ubaoni.

Fundisha kutoka mwisho. Siku za kwanza wewe unafanya 1 hadi 7, yeye anafanya ya 8 tu, na anaonja kumaliza. Akiiweza peke yake siku tatu mfululizo, mwongezee ya 7, na hivyo kurudi nyuma. Ukianzia mwanzo atachoka kabla hajafika kwenye raha ya kumaliza.

Namba kwenye viota si pambo. Trei ina mashimo 30, na kuku wakitaga 22, mtu anayependa vitu kukamilika anaweza kukataa kutoka bandani mpaka nane zipatikane, au akarudisha mkono chini ya kuku anayeatamia. Kazi iishie kwenye kiota cha mwisho, si trei kujaa. Paka namba kwa rangi ya mafuta, kubwa, na wiki ya kwanza ziba mashimo ya trei yasiyohitajika kwa vizibo.

Alipwe. Hata kama ni banda la nyumbani, apokee noti mkononi, aende dukani anunue anachokitaka, hata kama ni biskuti zilezile kila siku. Kwa ufundi wa kujifunza mbali na nyumbani, Usa River kuna kituo cha KKKT kinachofundisha vijana wenye ulemavu. Kwa ajira rasmi, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kwa biashara ndogo, katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata masharti ya mwaka huu, na ujiandae kurudi mara kadhaa.

HATUA YA 8: UKOO NA DESEMBA

Krismasi ya Kibosho au Rombo ina kila kitu kinachomzidi: magari, muziki, mbuzi anayelia, watoto wa Dar thelathini, na kila mkubwa anataka shikamoo ya kushikana mkono na kukumbatiwa. Fikeni siku moja kabla ya wengine. Chumba kimoja kiwe chake na kifungike. Wakati wa kuchinja apelekwe matembezi. Wapigie wazee mapema: "Babu, atakusalimia kwa kuinua mkono. Ndiyo shikamoo yake." Wazee wengi hukubali wakiambiwa kwa heshima kabla, wakikutana nalo mlangoni huona wamedharauliwa. Ibada asikae yote. Kaeni karibu na mlango, mbali na spika, toka nyimbo zinapopanda. Mialiko miwili kwa siku tatu inatosha, na mzazi mmoja awe tayari kuondoka mapema bila kuomba radhi kwa kila mtu.

Mlezi naye apumzike. Angalau nusu siku kwa wiki mtu mwingine ashike zamu, akiwa na karatasi ile ya mistari mitano na namba ya simu, na mlezi aondoke kweli nyumbani. Dada mdogo asigeuzwe yaya wa kudumu bila kuulizwa.

HATUA YA 9: MAKARATASI

Faili moja: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA akifika miaka 18, ripoti za hospitali, na barua ya ofisi ya ustawi wa jamii. Kisha lile jambo ambalo familia huahirisha, atakaa na nani wazazi wakifa. Kusema "ukoo upo" hakujamlaza mtu yeyote kitandani. Mwiteni anayekusudiwa, aseme ndiyo mwenyewe, aanze kulala naye wikiendi moja kwa mwezi tangu sasa. Andikeni wosia, wakala wa serikali RITA wanasaidia kuuandika na kuuhifadhi. Utaje chumba chake katika kihamba (shamba la nyumbani la ukoo), nani atasimamia mapato ya migomba au kahawa kwa ajili yake, na kwamba eneo hilo lisiuzwe bila yeye kupewa makazi mengine. Nyuma ya wosia ambatisheni kurasa mbili za mambo ambayo mama pekee ndiye anayeyajua: kikombe gani, blanketi lipi, anavyoonyesha jino linauma, taa ipi isizimwe usiku.

Baada ya miezi mitatu fungua daftari jipya, siku 14 nyingine, ulilaze kando ya lile la kwanza. Hesabu wino wa rangi ya pili.